Seyyid Barghash na Mzigo wa Nyumba ya Maajabu

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne



Muhula uliopita Chama chetu cha Historia kilifunga safari ya kwenda Kwihara, kilometa chache kutoka mjini Tabora, kutazama tembe alimokaa Dr. Livingstone mwaka 1872. Tulikwenda kwa miguu, tukapita chini ya miembe mikubwa, tukafika jua likiwa limekwisha kuwa kali. Wenzangu wengi walikuwa na hamu ya kuona chumba alicholala mgeni yule mashuhuri. Mimi, kwa kuwa nia yangu ni kusoma uhandisi wa majengo Mungu akipenda, nilibaki nyuma nikizitazama kuta.

Kuta za tembe ni za udongo, nazo ni nene sana. Niliweka mkono wangu penye mlango, nikaona unene wake wakaribia dhiraa nzima, yaani toka kiwiko mpaka ncha za vidole. Ndani ni baridi ya kupendeza hata wakati wa adhuhuri. Katikati kuna ua, na vyumba vimeuzunguka. Katika nyumba za namna hii matajiri wa njia ya misafara walifanya kila shughuli pamoja: barazani waliuza na kununua, katika ghala waliweka pembe za ndovu na nguo, na vyumba vya ndani vilikuwa vya kulala wao na wageni wao. Twaweza kusema kwamba tembe lilikuwa duka, ofisi na makazi chini ya paa moja. Lakini halikupanda juu. Basi nikajiuliza, ikiwa kuta ni nene hivi, mbona hawakuongeza orofa moja au mbili?

Tuliporudi shuleni nilimpelekea swali hilo mwalimu wetu wa Fizikia. Alichora ubaoni mpagazi wa Kinyamwezi amebeba pembe begani. Akatueleza kwamba kila nyumba ni mpagazi. Ina mzigo wake, na mzigo huo lazima uteremke, kutoka paa kwenda boriti, kutoka boriti kwenda ukuta, kutoka ukuta kwenda msingi, na kutoka msingi kwenda ardhini. Mahali popote mzigo unapokosa njia, hapo ndipo nyumba itakapovunjika. Ukuta wa udongo mkavu waweza kubeba uzito kiasi tu, na jinsi unavyopanda ndivyo unavyozidi kujilemea wenyewe, hata ikabidi chini uwe mnene mno na vyumba vibaki vyembamba. Mvua nayo ikiingia, udongo hurudi kuwa tope. Kisha mwalimu akaniambia kwamba nikitaka kumjua mtu aliyejaribu kuishinda shida hiyo katika nchi zetu, nisome habari za Seyyid Barghash bin Said wa Unguja, maana nyumba yake ilijengwa kwa mali ambayo sehemu yake ilipita papa hapa Tabora. Nimesoma kadiri nilivyoweza katika maktaba yetu, na haya ndiyo niliyoyapata.

Seyyid Barghash alizaliwa yapata mwaka 1837. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, na mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Watoto wa Seyyid Said walikuwa wengi, na katika jamaa kubwa kama ile mtoto asiyekuwa wa kwanza hakuwa na hakika ya kupata kitu. Mwaka 1856 Seyyid Said alifariki baharini akirejea kutoka Oman, na Barghash alikuwa pamoja naye katika merikebu. Kijana yule alifika Unguja na maiti ya baba yake, lakini kiti kilichukuliwa na ndugu yake, Seyyid Majid.

Barghash hakuridhika. Mwaka 1859 alifanya njama za kumwondoa nduguye, akisaidiwa na baadhi ya dada zake, mmojawapo Seyyida Salme, ambaye baadaye aliolewa na Mjerumani na kujulikana kwa jina la Emily Ruete. Wafuasi wake walijifungia katika nyumba moja ya shamba wakaifanya ngome. Majid akasaidiwa na askari wa manowari ya Kiingereza, ngome ikavunjwa, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay.

Alikaa huko miaka miwili hivi. Kwa mtu mwingine uhamisho ungekuwa hasara tupu, lakini kwake ulikuwa kama shule. Bombay katika siku zile ulikuwa mji mkubwa unaokua upesi, wenye bandari, reli na majumba makubwa. Mtoto wa mfalme aliyekulia katika nyumba za mawe na boriti za mikoko aliona huko jinsi watu wengine wanavyojenga. Aliporudi Unguja alikaa kimya, akangoja. Mwezi wa Oktoba 1870 Majid alifariki, na Barghash akapata kiti alichokitamani tangu ujana wake.

Utawala wake ulianza kwa misiba. Mwaka 1871 njia ya misafara ilifungwa na Mtemi Mirambo wa Urambo, ambaye hakukubali wafanyabiashara wa Tabora wapite katika nchi yake kama wapendavyo. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kikubwa kikapiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini. Mwaka uliofuata, 1873, Waingereza wakamshurutisha kutia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kufunga soko la watumwa la Unguja. Mwaka 1875 alisafiri mpaka Uingereza, akapokewa na Malkia Victoria, na mwaka 1876 akatoa amri ya kukataza misafara ya watumwa kutoka bara.

Hapa yafaa tueleze uhusiano wake na mji wetu. Barabara ya misafara ilianza Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora katika nchi ya Unyanyembe, na kutoka hapa ikaendelea mpaka Ujiji penye Ziwa Tanganyika. Urefu wake wote ni kilometa zipatazo 1,200. Seyyid Barghash alikuwa na liwali wake Tabora, na bendera yake ilipepea hapa, ingawa nguvu zake hazikwenda mbali nje ya mji. Mirambo alipofunga njia, Barghash alituma askari kutoka pwani waje kumpiga. Askari walikuja, wakakaa, wala hawakumshinda. Mwisho ilibidi pande zote zitafute amani, maana vita vilizuia pembe zisiende pwani. Mirambo aliendelea kutawala mpaka alipofariki mwaka 1884.

Kila pembe iliyofika Unguja ililipiwa ushuru katika forodha, na ushuru huo, pamoja na ule wa karafuu na bidhaa nyingine, ndio uliokuwa mapato makubwa ya Sultani. Lakini kabla ya kufika forodhani, pembe hiyo ilibebwa na mtu. Mpagazi mmoja alichukua mzigo wa kadiri ya frasila mbili, yaani kilo thelathini na zaidi kidogo, naye alitembea miezi mitatu hivi kutoka Tabora mpaka pwani. Wengi wa wapagazi walikuwa Wanyamwezi waungwana waliofanya kazi kwa ujira, na kijana ambaye hajafika pwani hakuhesabiwa kuwa mtu mzima. Tusifiche kwamba njiani walikuwamo pia watumwa, ambao hawakupata ujira wowote, na wengi hawakuiona tena nchi yao. Nimeona ni haki kuwataja watu hao hapa, maana habari za nyumba kubwa aghalabu humtaja aliyeiamuru tu.

Sasa tuje kwenye ujenzi wake. Seyyid Barghash alipenda kujenga kuliko watawala wote waliomtangulia. Alileta mjini maji safi ya chemchemi kwa mabomba na mifereji, na jambo hilo peke yake liliokoa maisha ya watu wengi katika mji uliokuwa ukipata kipindupindu. Alijenga hamamu mjini, mahali panapoitwa hata leo Hamamni. Alijenga jumba la Marhubi, lililokwisha mwaka 1882. Na mwaka 1883 likasimama jumba lililompa jina duniani, Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu.

Ili tuyafahamu maajabu yake, kwanza tujue nyumba za mawe za Unguja zilijengwaje. Mawe yake ni matumbawe, nayo ni mepesi kuliko mawe mengine, yana vitundu vingi. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo juu ya tanuu la magogo. Sakafu na dari zilibebwa na boriti za mikoko. Mkoko ni mti imara sana, tena ukikatwa kwa kiasi huota tena, lakini una sharti lake: boriti yake ni fupi. Ukiirefusha zaidi ya mita tatu hivi, hupinda katikati. Mwalimu wetu alituonyesha sababu kwa rula. Ukiikalisha rula juu ya vitabu viwili na kuibonyeza katikati, upande wa juu hubanwa na upande wa chini huvutwa, na kadiri vitabu vinavyoachana ndivyo inavyopinda zaidi. Ndiyo sababu vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba. Upana wa chumba uliamuliwa na mti wa baharini, wala si tajiri mwenye nyumba.

Beit al-Ajaib ilitoka katika sharti hilo. Yasemekana kwamba aliyeichora alikuwa Mwingereza, mhandisi wa meli. Mtu wa namna hiyo alizoea chuma, na chuma ndicho alichokitumia. Kuta ni za matumbawe na chokaa kama desturi, na boriti za mikoko zimo, lakini ziliongezwa mihimili ya chuma na vibamba vya zege, ili vyumba viwe vipana. Kuizunguka nyumba pande zote zikawekwa baraza pana, orofa juu ya orofa, zikibebwa na nguzo nyembamba za chuma cha kusubu. Chuma cha kusubu kina nguvu sana kikibanwa, ingawa ni dhaifu kikivutwa, na nguzo iliyosimama wima hubanwa tu. Kwa hiyo nguzo nyembamba iliweza kubeba mzigo ambao ukuta wa udongo ungehitaji dhiraa nzima kuubeba. Ni kama mpagazi anayesimama wima, mzigo ukiwa juu ya mabega na miguu ikiwa chini yake sawasawa; akipinda mgongo, hata mzigo mdogo utamwangusha.

Kwa njia hiyo dari zikawa juu sana, na nyumba ikapita kwa urefu majengo yote ya Afrika ya Mashariki ya wakati wake. Ilikuwa nyumba ya kwanza Unguja kuwa na taa za umeme, na watu walisimulia pia habari za lifti yake. Milango yake mikubwa ilichongwa kwa ustadi. Mabaharia waliiona kutoka mbali kabla ya kuona mji. Hata hivyo Seyyid Barghash hakuijenga ili alale ndani yake. Jirani yake ilikuwa Beit al-Hukm, na Nyumba ya Maajabu ilikuwa ya sherehe na ya kupokea wageni wa heshima.

Wasomaji wangu wafikiri jambo hili. Miaka miwili tu baada ya hapo, mwaka 1885, katika mji wa Chicago, Marekani, mhandisi William Le Baron Jenney alimaliza jengo la orofa kumi la Home Insurance, ambalo vitabu vingi hulihesabu kuwa mwanzo wa majumba marefu ya biashara. Humo mifupa ya chuma ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya mzigo, na ukuta ukaanza kuwa kama nguo tu ya kuzuia mvua na upepo. Nyumba ya Barghash haikufika huko. Ndani yake kuta zilikuwa bado ndizo zinazobeba, na chuma kilisaidia nje. Lakini tunapotazama picha za minara ya leo, yenye maduka chini, ofisi katikati na makazi juu, tujue kwamba safari ile ile ya kutoka ukuta mnene kwenda nguzo nyembamba ilipita hata Unguja, na mapema.

Tena kuna jambo ambalo naona nyumba ile yatufundisha kuliko urefu wake. Mawe yalitoka katika kisiwa chenyewe, na chokaa vilevile. Baraza pana zilizuia jua lisipige kuta, kwa hiyo kuta hazikuhifadhi joto. Katikati mliachwa nafasi wazi toka chini mpaka juu. Hewa ya moto ni nyepesi, basi ilipanda na kutoka, na hewa ya bahari ikaingia mahali pake. Vyumba vilipoa bila mashine yoyote. Tembe la Kwihara hufanya kazi hiyo kwa njia yake, kwa ukuta mnene na ua. Siku hizi twaona majengo ya vioo yakijengwa katika nchi za jua kali, kisha mashine za kupoza hewa zikifanya kazi mchana kutwa kutoa joto lililoingizwa na vioo hivyo. Nadhani mhandisi mwenye hekima angeanza kwa kuuliza wazee walijengaje, ndipo afungue kitabu chake cha hesabu.

Nirudi kwenye maisha ya Seyyid Barghash, maana yalielekea mwisho wake kwa haraka. Alijenga nyumba kuonyesha dunia kwamba dola yake ni imara. Lakini mzigo wa dola hiyo ulikaa juu ya njia ya bara, na njia hiyo hakuishika kwa nguvu. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alipita bara akiwatilisha watemi sahihi katika mikataba, na mwaka 1885 serikali ya Ujerumani ikatangaza kuzilinda nchi hizo. Barghash alipopinga, manowari za Kijerumani zilikuja zikasimama mbele ya mji, mbele ya nyumba ile ile. Waingereza, ambao aliwategemea kuwa rafiki zake, hawakumtetea. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakapatana wao kwa wao, wakamwachia visiwa na ukanda wa pwani wa maili kumi tu. Njia ya Tabora ikawa si yake tena.

Afya yake ikaharibika. Alisafiri mpaka Oman kutafuta nafuu, akarejea Unguja, na mwezi wa Machi 1888 akafariki, akiwa na umri wa miaka hamsini hivi. Katika Nyumba ya Maajabu alifanya sherehe kwa miaka mitano tu.

Nyumba iliishi kuliko mwenyewe. Mwezi wa Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga mizinga kasri katika vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia. Beit al-Hukm ikaharibika vibaya, lakini Nyumba ya Maajabu ilibaki imesimama, na baadaye ikaongezewa mnara wa saa mbele yake. Jumba la Marhubi, ambalo orofa yake ilikuwa ya mbao, liliungua mwaka 1899, zikabaki nguzo za mawe. Mwaka 1911 Nyumba ya Maajabu ikawa ofisi za serikali. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilitumika kwa mafunzo ya chama, na mwisho ikawa makumbusho. Mwaka 2000 Mji Mkongwe wote ulitiwa katika orodha ya urithi wa dunia. Tazama basi jinsi nyumba moja ilivyofanya kazi nyingi bila kubomolewa na kujengwa upya kila mara. Huo nao ni uwekevu, maana jiwe lililokwisha kujengwa halihitaji kuchomwa chokaa mara ya pili.

Lakini nyumba haijitunzi. Adui wa nyumba za matumbawe ni maji. Paa likivuja, maji huingia ukutani na kuila chokaa, na boriti huoza vichwani mahali zinapoingia katika ukuta. Chuma nacho, katika hewa ya chumvi, hushika kutu. Na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, kwa hiyo husukuma jiwe mpaka lipasuke. Haya hayaonekani kwa siku moja. Mwaka 2012 sehemu ya baraza zake ilianguka. Na tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi ya kuitengeneza ikiendelea, sehemu kubwa ya mbele ilianguka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha yao. Walikuwa kazini. Nyumba iliyoistahimili mizinga ya 1896 iliangukia watu waliokuwa wakiitibu.

Niliposoma habari hiyo niliweka kitabu chini, nikawaza juu ya mambo ya karibu zaidi. Tarehe 29 Machi 2013, mjini Dar es Salaam, jengo la orofa 16 lililokuwa likijengwa lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la maduka la Kariakoo lilianguka asubuhi, na zaidi ya watu 20 wakafa. Hao hawakuwa masultani. Walikuwa mafundi, wachuuzi, watu waliokwenda kutafuta riziki. Kwa mtu wa duka jengo ni mahali pa kuweka bidhaa tu, naye hana njia ya kujua kilichomo ndani ya nguzo. Humwamini mhandisi kama mgonjwa anavyomwamini daktari.

Mji wetu wa Tabora nao unakua. Reli iliyofika hapa mwaka 1912 ilimaliza kazi ya wapagazi, na leo yaonekana majengo ya orofa mahali palipokuwa na nyumba za chini. Mimi nafurahi kuyaona. Wako wenzetu katika chama cha midahalo waliosema kwamba watu wa Tabora watosheke na nyumba za chini kwa sababu nafasi ipo. Sikubaliani nao kabisa, maana mji ukitanda sana huyala mashamba na misitu, na maji na barabara huwa ghali kuvifikisha. Lakini nakubaliana nao katika hili, kwamba orofa isiyo na hesabu ni kaburi. Anayejenga juu hana budi kujua mzigo wake unapita wapi mpaka ufike ardhini, na atakapoondoka ni nani atakayepanda kila mwaka kutazama paa.

Babu yangu husimulia kwamba katika ukoo wetu walikuwako wapagazi, waliokwenda pwani na kurudi mara nyingi, na mmoja wao alirudi na bega moja limeshuka chini ya lingine, wala halikupanda tena mpaka alipokufa. Jina lake halimo katika kitabu chochote. Sijui kama pembe alizobeba ziligeuka kuwa nguzo au mlango au taa katika Nyumba ya Maajabu, wala hakuna anayeweza kujua. Lakini tangu nisome maisha ya Seyyid Barghash, siwezi kuitazama picha ya nyumba ile bila kulifikiri bega hilo.

Je, Seyyid Barghash alikuwa mtawala mzuri? Nimeona watu wakibishana. Aliwaletea watu wa mji maji safi, na tendo hilo halisahauliki. Alifunga soko la watumwa, ingawa kwa kulazimishwa. Alipenda elimu mpya wala hakuiogopa kwa kuwa imetoka ng'ambo. Lakini alijenga juu kabla hajahakikisha kilicho chini. Wapagazi, watumwa na wakulima wa karafuu ndio waliokuwa msingi wa dola yake, na msingi huo hakuutengeneza wala hakuusikiliza. Mgeni alipokuja kuukata, hakuwako wa kuuzuia.

Mimi nitamaliza masomo mwaka huu, na kama nikijaliwa kuendelea nitarudi siku moja Tabora kujenga. Nimekwisha amua kwamba kabla ya kuchora mstari wa kwanza nitakwenda tena Kwihara, nitie mkono wangu penye mlango wa tembe, nipime unene wa ukuta ule.